Kiti Kilichokaa Upande

Aliyesema kwanza kwamba marehemu anarudi alikuwa wifi, na alilisema mchana kweupe, amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake anachambua maharage.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na sasa ukungu ulikuwa umemtanda machoni. Maharage aliyachambua kwa vidole, na mengine yote ya dunia aliyapata kwa masikio. Mjane wa mdogo wake alifungua lango la uani, akaingia akikokota baiskeli, keria tupu, kiuno kinamuwaka moto. Kabla hajafungua mdomo akamsikia wifi akisema, kwa ile sauti ya kumpokea mtu wa nyumbani:

"Umerudi, mdogo wangu. Leo umekawia."

Mjane akageuka nyuma. Lango limefungwa, komeo lipo mahali pake, mtu hapana. Nywele za kisogoni zikamsimama. Akakohoa, si kwa sababu ya kikohozi, na hapo tabasamu la wifi likazimika kama kibatari kilichopulizwa.

"Aa, kumbe ni wewe," wifi akasema, akarudi kwenye maharage yake. "Nimesikia mguu wake."

Mguu huo mtaa mzima uliujua. Marehemu alikuwa dobi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko mwenzake tangu utotoni, kwa maradhi ambayo hakuna aliyejua kuyataja vizuri. Akitembea, wa kulia unatua, wa kushoto unaburuta. Tuu, shwaa. Tuu, shwaa. Wateja walikuwa wakiusikia mlangoni wanaanza kukusanya mashuka kabla ya hodi. Yeye mwenyewe aliufanyia mzaha. Alisema miguu yake yote miwili ni mirefu, ila wa kulia una tamaa.

Sasa alikuwa amezikwa, na mjane hakuhitaji kuambiwa na mtu, kwani alisimama pale mpaka koleo la mwisho. Alikuwa mtu wa sala. Aliamini waliokufa wako mikononi mwa Mungu na hawana ruhusa ya kuzurura vichochoroni. Maneno ya wifi aliyaweka kwenye fungu la maneno ya wazee, akaenda kuwasha mkaa wa pasi.

Lakini haukupita muda naye akausikia.

Ilikuwa katika kile kichochoro kati ya ukuta wa kinu cha kusagia nafaka na ukuta wa nyumba ya jirani, chembamba kiasi kwamba mtu na baiskeli yake hupita kwa kuombana radhi. Siku hiyo kinu kilikuwa kimezimwa. Mjane anapita, anasukuma baiskeli, mashuka ya wateja yamefungwa nyuma, na kwa nyuma ya mashuka akasikia: tuu, shwaa. Akasimama. Mguu nao ukasimama. Akaenda, nao ukaenda, ukigonga ukuta huu na kurudi kutoka ukuta ule. Midomo yake ikaanza kusali yenyewe. Hakukimbia, maana mashuka yalikuwa yamepigwa pasi, na hata katika hofu mke wa dobi hakimbii na nguo zilizopigwa pasi. Alitokea upande wa pili jasho linamtiririka, akageuka. Kichochoro kilikuwa kitupu mpaka mwisho.

Hakumwambia mtu. Kwa Mungu aliomba jambo moja tu: kama ni yeye, aseme anataka nini, na kama si yeye, mguu huo uondoke. Hakuna kilichosemwa, na mguu haukuondoka. Uliingia naye uani, ukamfuata kwenye kamba za kuanikia, ukasimama kila aliposimama.

Kazi ya mumewe alikuwa ameirithi yote kama ilivyo. Karo la kulowekea, sufuria kubwa la kuchemshia mashuka ya zahanati, wanga, buluu, pasi mbili za mkaa, na baiskeli nyeusi nzito ya kupelekea nguo. Jina nalo alilirithi. Wateja walimwita Dobi vilevile. "Dobi amefika?" wanauliza ndani, na aliye mlangoni anajibu, "Amefika," bila kueleza ni yupi. Mwanzo lilimchoma. Baadaye akaitika.

Vitu vingine viligawiwa baada ya mazishi. Mashati walichukua binamu. Godoro lilifuliwa likaanikwa juani. Viatu, kimoja soli nene na kimoja soli nyembamba, havikumfaa mtu, vikaenda kwa fundi viatu akavitoa ngozi. Mahali pekee ambapo marehemu alikuwa bado na umbo lake palikuwa kiti cha baiskeli.

Kilikuwa kiti cha ngozi, cha springi mbili, cheusi kwa jasho na mafuta. Kwa miaka yote aliyokikalia kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, upande wa ule mguu mfupi, na pua yake ilikuwa imeelekezwa kushoto pia, kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Ukikitazama ulimwona. Alikuwa amekipandisha juu sana, maana alikuwa mrefu, na hakuruhusu mkono wa mtu. Ndugu wakija kuazima aliwaambia wachukue baiskeli, wachukue na pampu, ila kiti wasikiguse. Mtu mfupi aliyeazima alirudi amepinda na hasemi kitu, kwa heshima.

Mjane alikuwa mfupi. Alipanda baiskeli hiyo kwa kuruka na kushuka kwa kuruka. Akiwa juu, pedeli ikifika chini ilimbidi aisukume kwa vidole, kiuno kikienda huku na huku, na ngozi iliyobonyea ikimtelezesha upande wa kushoto mpaka paja linabanwa na ukingo. Kukishusha hakukumpitia akilini. Alikitunza kwa namna aliyoijua yeye. Kila Jumamosi alikifuta na kukipaka mafuta, mvua ikija alikifunika, na kilipoanza kulia kiik-kiik alichukua spana akakaza nati ya chini yake. Kikilia tena, anakaza tena. Alidhani kutunza ni kukaza.

Jibu la ile sala lilimkuta zahanati.

Alifika na mashuka wakati sakafu ya ukumbi imetoka kupigwa deki. Mfagizi alikuwa bado ameshika ndoo. Kutoka ofisini sauti ya matroni ikasikika ikisema Dobi huyo, namjua kwa mguu, mwambieni aweke pale kabatini. Kisha matroni akatoka, mwanamke mnene asiyetishika, amekuwa wa rangi ya majivu.

"Mama yangu," akasema taratibu, "nisamehe. Nimesahau kwamba alishakufa."

Mjane alitaka kumwambia kwamba si yeye peke yake, kwamba hata yeye anamsikia. Akageuka amwonyeshe pale sauti inapotokea, na hapo macho yakaangukia sakafu. Nyayo zilikuwa pale juu ya unyevu, kutoka mlangoni mpaka aliposimama. Wa kulia umetua mzima, kisigino hadi ncha. Wa kushoto umeacha mfuo mrefu, kama brashi iliyoburutwa. Mwisho wa mfuo huo palikuwa na kandambili yake ya bluu, na ndani ya kandambili palikuwa na mguu wake.

Mfagizi akapitisha tambara, nyayo zikafutika.

Mtu mwingine angekwenda siku hiyohiyo kwa fundi baiskeli, au kwa daktari, ambaye alikuwa chumba cha pili tu kutoka pale. Mjane alikwenda nyumbani. Njiani akajisikiliza, na hakuogopa tena. Tuu, shwaa. Kwa hiyo marehemu hakuwa nyuma yake. Alikuwa ndani yake. Kile kiti kilichochukua umbo la mumewe kilikuwa kinalihamishia kwake, kidogo kidogo, kila safari, na mfupa kwa mfupa alikuwa anaanza kwenda kama yeye. Akapita kwenye kichochoro polepole kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo katika sala zake aliombea kila mtu, wagonjwa na wasafiri na wenye njaa. Mguu wake akauruka.

Na wifi naye akawa mtu mpya. Saa ya baiskeli kurudi ilipokaribia alitoka, akaketi kizingitini amejitanda vizuri kama anayengoja mgeni. Lango likilia anainamisha kichwa. Hakusema tena "umerudi, mdogo wangu," na mjane hakukohoa tena. Alivuka ua wote hadi kwenye karo akiburuta mguu, na wifi akasikiliza mpaka hatua ya mwisho, kisha akashusha pumzi na kuingia ndani. Majirani waliona, wakanong'ona kwamba ule ua una mtu. Mama mmoja alimwuliza mjane waziwazi kama ni kweli amepandwa na marehemu. Mjane akamjibu kwamba anayepandwa ni baiskeli. Wakacheka wote wawili, lakini yule mama hakuleta tena nguo zake.

Ganzi ilianza kwenye paja, ikashuka gotini. Ikafika siku anashuka kwenye baiskeli hajui mguu wa kushoto umegusa chini mpaka autazame.

Siku ya njia panda alikuwa amebeba mashuka ya zahanati na makoti ya wauguzi, meupe pe, yamefungwa kwenye shuka kubwa. Lori la mchanga lilikuwa linakuja kutoka kulia. Alifunga breki kwa wakati. Breki haikuwa na lawama. Baiskeli ikasimama, ikalala kushoto, naye akapeleka mguu chini uipokee. Chini hapakufikika. Kiti kilikuwa juu mno, na mguu wenyewe ulikuwa haupo, kama vile aliutuma mtu mwingine na mtu huyo amezikwa. Akaanguka ubavu barabarani, mashuka yakafunguka kwenye tope, na bampa la lori likasimama juu ya kichwa chake, karibu kiasi cha kusikia joto lake.

Dereva alishuka mbio. Hakutukana. Alimwinua, akamkalisha pembeni, akaanza kuokota makoti moja moja na kuyakung'uta, jambo lililozidi kuyaharibu.

"Mama, ulikuwa unatazama wapi?" akauliza. "Nimekuona umetulia tu, kama kuna mtu amekushika."

Neno hilo ndilo lililompeleka kwa fundi. Tope hufulika, na yeye tope ndiyo kazi yake. Lakini aliposikia hivyo alijua kwamba ni kweli. Pale juu ya kiti, akiwa anaanguka, alikuwa ametulia. Kwa kufumba na kufumbua alikuwa hajali aende upande upi, na hilo alijua halitoki kwa Mungu.

Fundi baiskeli aliitwa Spoki, kwa wembamba. Kibanda chake kilikuwa bati lililoegemezwa ukutani, karai la maji ya kutafutia pancha, matairi yamening'inia kama nyoka waliochoka. Aliigeuza baiskeli huku na huku, akashika kiti kwa mikono miwili, akakitikisa. Akachukua spana. Nati haikutoka. Akaongeza kipande cha bomba kwenye spana apate nguvu, akaning'inia, nati ikalia kwa uchungu ndipo ikaachia.

"Nani kaikaza hivi?" akauliza. "Hii imekazwa kwa hasira."

Mjane akamwambia ni yeye, na kwamba kila kiti kilipolia alikaza. Spoki akatikisa kichwa. Akasema kiti kikilia hakiombi kukazwa tu, kinaomba kutazamwa. Akamimina mafuta kwenye kutu, akangoja, akaanza kukizungusha kiti kushoto na kulia huku akikivuta juu, na bomba lililokibeba likatoka kwenye fremu likikwaruza. Lilitoka haraka kuliko walivyotarajia wote wawili. Ndani lilikuwa limeingia kipande kifupi tu, kama kidole gumba.

Alimwonyesha alama iliyochongwa kwenye bomba. Alama hiyo, akasema, lazima izame ndani ya fremu, isionekane kabisa, maana chini yake ndipo kiti kinaposhikwa. Marehemu alikuwa ameivuta nje juu sana. "Nilimwambia zaidi ya mara moja. Ananiambia, Spoki, bomba lenyewe ndilo fupi." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia. Kucha yake ilikuwa imekwama mahali. Akalifuta bomba kwa tambara, akalisogeza kwenye mwanga. Pale nati ilipokuwa inabana palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu, na ndani yake kutu nyekundu.

"Hili lilikuwa linakatika," akasema. "Bado kidogo tu. Na lingekatika ukiwa umekaa juu yake, na kipande kilichobaki kingekuwa kimekuelekea wewe."

Mjane hakuuliza kingemwelekea wapi.

Spoki alikuwa na bomba zima la ukubwa uleule. Angeliweka hilo, ashushe kiti kifike urefu wake, anyooshe pua itazame mbele, akilaze sawa. Ngozi ilikuwa bado nzuri kwa mafuta aliyokuwa anaipaka, haikuwa na haja ya kubadilishwa. Itabonyea upya yenyewe, akasema, itamfuata yeye. Alisema hivyo kama habari njema. Alipoona uso wa mjane akaweka spana chini.

Mjane akaomba apewe kiti aende nacho nyumbani kwanza, pamoja na lile bomba bovu. Spoki akamwambia sawa, ila akirudi akitaka kirudishwe kama kilivyokuwa, atafute fundi mwingine, yeye hachimbi makaburi. Basi baiskeli ikabaki pale bila kiti, inatisha kuitazama, na mjane akaenda kwa miguu, amekifunga kiti kwenye shuka lenye tope, amekipakata kama mtoto.

Wifi alikuwa kizingitini. Alisikia lango, akainamisha kichwa, akasikia mguu. Lakini hakusikia magurudumu, na hilo likamfanya anyooshe mkono. Mjane akaketi mkekani karibu naye, akamweleza yote: njia panda, lori, Spoki, na alichosema Spoki kuhusu kukinyoosha kiti. Aliposema hilo wifi akauvuta mkono wake.

"Ukikinyoosha umemzika mara ya pili," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa kazi ya Mungu, nikanyamaza. Hii itakuwa kazi yako na huyo fundi wako mkondefu."

Mjane alikuwa amejiandaa kwa hilo. Akasema lile alilokuwa ameficha tangu siku ya deki. "Wifi, mguu unaousikia si wake. Ni wangu. Kiti kimeniharibu."

"Najua."

Mjane akamtazama.

"Unanionaje, mjinga? Nimejua tangu ile siku uliyokohoa. Mguu ni wako, lakini unatembea wake." Wifi alikuwa analia bila kubadilisha sauti, machozi yakishuka tu kama ya mtu mwingine. "Mi nimeshakuwa mtu mzima, wifi yangu. Nachukua ninachopata."

Kuku wa jirani waliingia, wakazunguka karo, wakatoka. Mjane aliona kwamba walikuwa wawili wakimshika mtu mmoja, kila mmoja kwa upande wake, na kwamba mtu mwenyewe hakuwapo. Kilichokuwa kinavutwa ni kiuno chake yeye. Hakulisema hilo. Alilifungua shuka, akalichukua lile bomba bovu, akaliweka mapajani mwa wifi.

Vidole vilivyozoea maharage havikuhitaji maelezo. Vilipita juu ya chuma taratibu, vikafika kwenye alama, vikavuka, vikafika kwenye ufa. Ukucha ukaingia. Ukaufuata ufa, ukazunguka, ukazidi kuzunguka, mpaka wifi akatoa mkono kana kwamba chuma kimemuunguza.

"Huu upo hivi, na wewe unakaa juu yake?"

"Kila siku."

Wifi akapapasa, akakipata kiti. Alikishika pua, akakishika makalio, akaingiza kiganja katika lile bonde la kushoto, kiganja kikakaa humo muda mrefu. Kisha akaanza kusimulia, bila kumwelekea mjane, jambo ambalo mjane hakupata kulisikia kwa mumewe katika ndoa yao yote. Mdogo wake alipokuwa mtoto alililia baiskeli ya baba yao, na mguu haukufika. Watoto wenzake walimcheka. Basi yeye, dada mtu, aliiba spana ya baba, akakishusha kiti chote, bado mguu wa kushoto haukufika, akakigeuza pua upande, kiti kikalala kushoto, mguu ukafika. Walipigwa wote wawili kwa kuharibu kiti. Na tangu hapo mdogo wake, kila baiskeli aliyoipata, alikipinda kiti hivyo.

"Nilikipinda kwa ajili ya mguu," wifi akasema. Akafikiri. "Mguu wenyewe haupo."

Asubuhi ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.

Kwa Spoki walifika wameshikana mikono, mmoja haoni, mmoja anachechemea, na Spoki akasema leo amepata wateja wa kuharibu jina la kibanda. Wifi akamwambia afunge mdomo alete grisi. Spoki alipaka bomba jipya grisi ili kutu isije ikaliganda tena ndani ya fremu, akalitumbukiza mpaka alama ikazama, akamwambia mjane apande. Wifi ndiye aliyeshika usukani kwa mikono miwili, amejikita kama nguzo, na hakukubali Spoki amsaidie. Mjane akaweka kisigino kwenye pedeli iliyoshuka chini. Kiti kilipokuwa juu mno kisigino kilining'inia. Spoki akashusha, akashusha tena, mpaka kisigino kikagusa na mguu umenyooka. Kisha akamwambia akanyage kwa sehemu ya mbele ya mguu kama kawaida, na goti likakunjika kidogo, inavyotakiwa. Mjane akashangaa kwamba kuendesha baiskeli kumbe kunaweza kuwa hivyo, bila kujivuta.

Mjane akashuka, ikabaki pua. Spoki aliinua mkono aigeuze, wifi akamwambia amwachie. Alikishika kiti mbele na nyuma, mjane akampa maelekezo kwa kutazama usukani, kulia kidogo, kidogo tena.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

Kiti kilikuwa kimenyooka, kinatazama mbele kama kiti cha mtu yeyote. "Hapo," akasema, shingo upande. Spoki akalaza chupa ya maji nusu juu yake aone kama maji yanakaa sawa, akaridhika, akakaza nati kwa spana fupi, akakitikisa kiti huku na huku, hakikusogea. Akamwagiza aiendeshe siku chache, kisha arudi kikaguliwe tena, na asiongeze kukaza kwa hasira.

Mwili hausahau haraka. Mjane aliendelea kuburuta, lakini kidogo kidogo damu ikarudi pajani, ikamchoma kama sindano, kisha akahisi kokoto chini ya wayo wa kushoto, kitu alichokuwa amekisahau. Pale njia panda alisimama akaweka mguu chini, na chini palikuwa pale. Alimshukuru Mungu, na shukrani hiyo ilimuuma. Kila Jumamosi akipaka kiti mafuta aliona bonde la kushoto linajaa. Lingine lilikuwa linaanza katikati, dogo, la mtu mfupi. Alilipaka hilo pia.

Wifi aliendelea kukaa kizingitini saa ileile. Mjane aliingia, akavuka ua, na kila siku kilichosikika kilipungua, mpaka ikawa shwaa imebaki kama pumzi tu, na wifi anainama zaidi kuitafuta.

Hatimaye ikafika alasiri ambayo lango lililia, magurudumu yakapita, hatua zikavuka ua zimelingana, na wifi akainua uso ukiwa umeshtuka, mikono imekamata ungo.

"Nani huyo?" akauliza.

Mjane akasimama katikati ya ua. Angeweza. Mguu ulikuwa bado unakumbuka njia. Kuuburuta mara moja tu hadi kwenye karo kusingemgharimu kitu, na mzee huyu angelala vizuri. Aliuhisi mguu wa kushoto ukijiandaa wenyewe, kisigino kikilegea. Wifi alikuwa anangoja, mdomo wazi kidogo.

Akauinua, akaupeleka hadi mkekani hatua kwa hatua, akautua wote.

"Ni mimi," akasema.

Wifi akasogea pembeni ya kizingiti, akapapasa mahali pale palipobaki, akapafuta vumbi kwa kiganja kama anavyofutiwa mgeni.